Picha Zilizokatwa kwenye Juzuu ya Tatu

Nilisafiri siku nzima kufuata kitabu ambacho ningekuapia sijawahi kukitia mkononi. Nilipokifungua, nikakuta mwandiko wangu ndani.

Tulia nikusimulie. Na sitajisafisha.

Mimi ni mgonjwa wa vitabu vya zamani. Si vyote, ni vya mimea, wadudu na ndege. Vyumba viwili vimejaa, na mke wangu hana hata chembe ya huruma. "Wenzako wanafuga kuku," huwa ananiambia, "wewe unafuga mende."

Baba yangu alikuwa karani. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza akibandika mimea mikavu kwenye karatasi ngumu na kuiandikia lebo. Mtu wa maneno machache, hajawahi kuniomba hata kiberiti.

Mwaka huu macho yake yakaanza kuzima. Daktari alinivuta pembeni. "Jicho la kulia limeshakwenda. La kushoto, mkibahatika, miezi miwili."

Tulipofika nyumbani Baba akaniita.

"Kuna kitabu cha maua ya milimani, juzuu tatu. Hiyo ya tatu ina picha niliyochora mimi."

"Wewe, Baba? Ulichora?"

"Mchoraji aliugua, bosi akanipa brashi. Moja tu. Ua jekundu linalotambaa. Kopi hawakunipa. Ningependa kuiona kabla jicho hili halijafunga."

Miaka yote hiyo nakusanya vitabu vya mimea, kumbe baba yangu mzazi yumo ndani ya kimojawapo na sina habari! Nilitoka uani nikalia kama mtoto.

Nikaingia kazini. Niliandika kwenye makundi yote ya simu ya wakusanyaji. Maktaba moja ilikuwa na juzuu ya kwanza na ya pili. Ya tatu iliazimwa na haikurudi. Mkusanyaji mmoja mkongwe alikuwa nazo zote, lakini mchwa walikuwa wamenitangulia.

Kila asubuhi namnyooshea Baba vidole.

"Vingapi?"

Mwanzo alipatia. Baadaye akawa anabahatisha. Ikafika siku akasema, "Acha tu, mwanangu."

Nilichanganyikiwa, sifichi. Maji yalinifika shingoni. Nilikuwa nawapigia watu nisiowajua na kuwabembeleza hadi wanakata simu.

Wiki ya saba simu ikaita. Alikuwa mwalimu mstaafu, mama mmoja anayeishi mbali.

"Mwanangu, hiyo ya tatu ninayo. Niliipata kwenye lundo la mtumba."

Sikumwachia hata amalize. Nikapanda basi la kwanza.

Mama akanipokea vizuri, akaniwekea kitabu mezani juu ya kitambaa safi. Nikapekua ukurasa kwa ukurasa. Maelezo ya lile ua nikayaona, yamejaa ukurasa mzima. Picha iliyotakiwa kuwa mkabala nayo haikuwepo.

Imekatwa kwa wembe. Na si hiyo tu, ni picha zote za kitabu kizima.

"Nani ana roho mbaya hivi?" nikafoka. "Huyu si mpenda vitabu, huyu ni mchinjaji!"

"Pole, mwanangu. Nilikikuta hivyo hivyo. Ila aliacha namba, hebu ona."

Karatasi ikikatwa hubaki kipande chembamba karibu na mshono. Kwenye kila kipande palikuwa na namba ndogo ya penseli.

Namba zile niliziandika mimi.

Zamani, kabla sijajifanya mlinzi wa vitabu, nilikuwa nanunua vilivyochakaa, nakata picha, nampelekea fundi wa fremu. Namba zilikuwa za kumsaidia asivuruge mpangilio. Kilichobaki nauza kama karatasi kuukuu. Jina la kitabu nilikuwa sisomi, mimi na rangi tu.

Nikampigia fundi pale pale, nimesimama mlangoni kwa mama wa watu.

"Yale maua? Yote yalienda hotelini," akasema. "Na hoteli yenyewe iliungua, ndugu yangu. Kwani hukusikia?"

Sikuwa nimesikia.

Mama alinipa kitabu bure. Nadhani hali yangu ilimtisha.

Nilifika kwa Baba kesho yake mchana. Amekaa kitandani, na nilipoingia hakugeuza uso. Jicho la kushoto lilizima nikiwa njiani.

Sasa nisikilize nilivyo. Njia nzima nilikuwa nimepika uongo. Haoni, atajuaje? Nikamfungulia kitabu mapajani.

"Baba, nimekipata. Picha yako ipo. Nzuri ajabu!"

Akaanza kupapasa. Vidole vya mtu aliyebandika majani miaka arobaini. Vikafika kwenye mshono, vikapita juu ya kile kipande, mara moja, mara ya pili. Akafunua mbele, akapapasa kingine, na kingine.

"Ni kile kile," akasema taratibu. "Nilidhani utapata kingine."

"Kile kipi, Baba?"

"Ulichokikata wewe. Siku ile nilikuja kwako, picha yangu ilikuwa juu kabisa pale mezani. Nikanyoosha mkono niishike."

Nikakumbuka. Mungu wangu, nikakumbuka! Mkono wa pili ulishika kikombe cha chai aliyoniletea. Nami, bila hata kuinua kichwa, nilimwambia, "Mzee, sogea huko, utaniharibia kazi. Hivi vitu wewe huvijui."

Nikapiga magoti. "Mbona hukusema, Baba? Mbona hukusema ni yako?"

"Si ulisema sivijui?"

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo linaloniua mpaka leo.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, sikufundishi vitabu. Mzazi wako akinyoosha mkono kugusa kitu chako, weka chini unachofanya, umuulize ameona nini. Muulize angali anaona.