Wazazi Waliobaki Ndani ya Magari

Ijumaa, tarehe 9 Februari 2018. Theluji nyepesi, upepo wa kaskazini, baridi ya kukausha pua.

Lorna Tveit aliingia kwenye kituo chetu cha mafuta jioni, akanunua kahawa, akasimama dirishani. Kwa miaka mingi amefundisha somo la kulea watoto baada ya talaka, ambalo mahakama ya wilaya yetu, hapa Minnesota, huwalazimisha wazazi wanaoachana kuhudhuria. Sasa jaji anataka kujua kama linasaidia. Likionekana halisaidii, litafutwa.

"Si uwaulize wenyewe?" nilimwambia.

"Nimewauliza. Wote wamesema si baya. Huku kwetu hata supu iliyoungua si mbaya."

Nilicheka, maana mume wangu ndivyo anavyosema.

Basi alikuja kujionea. Kila Ijumaa wazazi walioachana hukabidhiana watoto wa zamu kwenye uwanja wetu wa magari.

Gari la Curtis Bakke lilifika, kisha la Renae, aliyekuwa mkewe. Hakuna aliyeshuka. Binti yao mdogo, Annika, alitoka kwa baba na begi lake, akaenda kwenye dirisha la mama, akarudi kwa baba, akaenda tena.

"Huyu mtoto anafanya nini?" Lorna alitoka bila kofia. Nikamfuata na ndoo ya chumvi ya kuyeyusha barafu, kazi ambayo ingeweza kusubiri.

"Mama anauliza dawa ya kikohozi nimekunywa saa ngapi," Annika alimweleza. "Baba anasema atazame kwenye begi."

Curtis alishusha kioo, akitabasamu. "Mwalimu, umetuona? Ulisema tusigombane mbele ya mtoto. Mwaka mzima hatujagombana."

"Na mmezungumza?"

"Hapana. Ndiyo dawa yenyewe."

"Shuka, Curtis."

"Kuna baridi, mwalimu."

"Binti yako yuko nje."

Alishuka. Renae naye akashuka, mikono mifukoni.

"Saa tisa," alisema Curtis. "Kijiko kimoja."

"Haya. Asante."

Annika akapanda gari la mama yake.

Tuliporudi ndani nilimuuliza Lorna atamwambia nini jaji.

"Kwamba ugomvi umepungua. Na kwamba watoto wamekuwa matarishi, kwa sababu wazazi walinisikiliza mimi."

"Atalifuta."

"Huenda. Ila nataka kujua wako wangapi wa namna hii." Akabaki dirishani mpaka gari la mwisho likaondoka.

Kesho yake asubuhi alimpigia jaji simu nyumbani, akamweleza yote. Kisha akawatoa wazazi wa somo lake la Jumamosi nje kwenye theluji, wafanye mazoezi ya kushuka garini na kusalimiana.