Kijiko Chenye Uso wa Mwanamke

Atakayesema niliota, na aseme. Sikuwa nimelala, na jua lilikuwa halijazama. Mambo haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Diani, mwaka ule ule bendera yetu ilipopandishwa.

Nilikuwa nimeanza kazi kwa bibi mmoja wa Kimarekani. Mjomba wangu Salimu, mpishi wake, ndiye aliyeniingiza. Bibi alikuwa na vijiko vya fedha alivyorithi kwa nyanya yake. Mpini wa kila kijiko ulikuwa mwanamke: kichwani amefungwa kitambaa cha kizamani, na kuanzia kifuani kwenda chini ni simba. Bibi alisema vilitengenezwa kwao Amerika, kwa kuiga mambo ya Misri ya kale.

"Amerika na Misri wapi na wapi?" mjomba alicheka. "Wewe sugua tu. Kimoja kikipotea, tutarudi Msambweni mimi na wewe tukalime muhogo."

Siku hiyo maji ya tangi yalikwisha. Kwetu sufuria husuguliwa ufuoni, kwa mchanga na maji ya bahari, basi nami nikaenda huko na vijiko. Wimbi likaja, likanichukulia kimoja. Nilipapasa mchangani hadi vidole vikafa ganzi. Wapi! Na jioni ile bibi alikuwa na wageni.

Nikarudi, nikaketi mkekani nyuma ya jiko na sahani yangu ya muhogo wa nazi. Wewe ungeweza kula? Mimi niliumegamega tu. Mara akatokea mwanamke kwenye njia ya ufuoni, amejitanda kanga, pindo zimelowa. Mtu akikukuta unakula, utaacha kumkaribisha?

"Shikamoo, mama. Karibu chakula."

"Marahaba. Umenikaribisha kweli, ama ni mdomo tu?"

"Kweli, mama. Karibu mkekani."

Mimi nina haya, sikumtazama usoni. Nilitazama chini, nikaona kanga tu, imemfunika mpaka miguuni. Akala taratibu, akalisifu tui.

"Miaka yote nawapelekea watu chakula vinywani," akasema, "na hakuna aliyewahi kuniuliza kama mimi nimekula."

Nikadhani ni mtumishi wa nyumba ya jirani. Nikamwongezea.

Alipomaliza alishukuru, akashika njia ya baharini. Na hapo, niamini, nyayo alizoacha mchangani zilikuwa za miguu minne, mipana, kama ya paka mkubwa kupita kiasi. Kando ya sahani kile kijiko kimelala, kinachuruzika maji ya chumvi.

Mjomba alitoka jikoni, akaziona nyayo.

"Mpwa wangu, umemlisha nani?"

"Mgeni, mjomba."

Akakitazama kijiko, akanitazama mimi, akakichukua kwenda mezani.

Tangu siku ile, pembeni mwa mdomo wa mwanamke wa kijiko kile pana weupe, kama tui lililokauka. Nimesugua kwa majivu, nimesugua kwa ndimu, hautoki. Bibi hudhani ni doa. Kazi tunayo hadi leo, mimi na mjomba, na kila nifunguapo sanduku la vijiko huanza kwa salamu.

Basi nawe, ukila nje na mtu akapita, mkaribishe kwa moyo. Na akiketi, miguu yake usiitazame mpaka amalize kula.