Mikorosho ya Mama kwa Mwandiko Wangu

Baba yangu alifariki bila wosia, ingawa kwa miaka miwili nilikuwa nimemsumbua auandike. Nilikuwa chuo kikuu nasoma sosholojia, na kila likizo nilirudi kijijini kwetu, upande wa Nanyamba, na maswali mapya. Kwa nini mtoto wa kike arithi nusu ya kaka yake? Kwa nini watu waje kula pilau ya hitma ya mgonjwa ambaye hawakumletea hata chungwa? Baba alinisikiliza huku akisugua kisigino kwa jiwe, halafu akaniambia nimletee maji.

Siku niliyompelekea wosia niliouandaa mwenyewe, umebaki sahihi yake tu, aliushika kwa ncha za vidole.

"Unanichulia kifo?"

"Hapana, baba. Siku hizi watu wote wanaandika."

"Watu wote gani? Nitajie mmoja hapa kijijini."

Nikamnyooshea kalamu.

"Nyumba inajulikana," akasema. "Mikorosho yangu inajulikana, na ya mama yako inajulikana. Nani asiyejua? Hata mbuzi wanajua."

Ni kweli walijua. Kwetu ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja na mkorosho uliosimama juu yake ukawa wa mwingine. Mkorosho ni wa aliyeupanda. Mama alipoolewa alikuta upande wa bondeni wa shamba la baba ni pori. Alilifyeka mwenyewe, akapanda mikorosho, akawa anapanda na kushuka na ndoo ya maji kichwani na mimi mgongoni. Mpaka ulikuwa kichuguu kimoja kikubwa: juu ya kichuguu mikorosho ya baba, chini yake ya mama. Hakuna aliyevuka kichuguu kile bila kupiga hodi kama mama yupo upande wa pili. Hata baba alipiga hodi. Nilipokuwa mdogo nilidhani kuna mlango pale ambao mimi siuoni.

Mwaka wangu wa mwisho chuoni, chama cha msingi cha ushirika kilileta fomu za kusajili wakulima ili wapate salfa ya kupulizia mikorosho. Macho ya baba yalikuwa yameingia ukungu, na mama aliweza kuandika jina lake tu. Nikatandika mkeka uani nikajaza mimi.

"Yangu iandike kwangu," mama alisema. Alikuwa anachambua kisamvu.

"Kitambulisho chako cha taifa hakijatoka, mama. Wataikataa. Naiweka yote kwa baba, salfa itakuja ya mikorosho yote."

"Yote kwa baba yako?"

"Ni karatasi tu, mama."

Aliitazama kalamu yangu kidogo, akarudi kwenye kisamvu chake. Mimi, niliyekuwa nahoji hata kwa nini kuku anachinjwa na mwanamume, sikuihoji safu moja ya fomu. Penye mwenye mikorosho niliandika jina la baba kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini yake.

Baba alifariki mwaka uliofuata. Baada ya arobaini ukoo ulikaa kikao, kwa sababu Mahakama ya Mwanzo inataka muhtasari wa kikao hicho kabla haijateua msimamizi wa mirathi. Mwenyekiti alikuwa baba mdogo. Kaka zangu wawili walikuja kutoka Magomeni, mjini Mtwara. Hao ni watoto wa mke wa kwanza wa baba, aliyemwacha kabla hajamwoa mama. Walikuwepo na wazee wachache wa jirani. Mama alikuwa katika eda, kwa hiyo alisikiliza akiwa ndani, nyuma ya pazia la mlango.

"Msomi wetu ataandika," baba mdogo alisema. "Sosholojia si ndiyo hiyo, kuandika mambo ya watu?"

Wakacheka. Nikafungua daftari.

Nyumba, baiskeli na cherehani vilipita haraka. Tukafika kwenye mikorosho.

"Ya juu ya kichuguu ni ya marehemu," baba mdogo alisema, wala hakufikiri. "Ya chini ni ya shemeji, hiyo haituhusu. Andika."

Nikaandika. Kaka mkubwa akakohoa, akatoa nakala ndani ya bahasha.

"Samahani, baba mdogo. Sina ugomvi na mama mdogo. Lakini kule chamani mikorosho yote ni ya baba."

"Chama ndicho kilichopanda?"

"Chama kina maandishi." Akaninyooshea ile karatasi. "Soma kwa sauti, mdogo wangu. Kisha utuambie mwandiko ni wa nani."

Nilisoma. Nikasema ni wangu. Nikaeleza habari ya kitambulisho, nikijisikia ninavyozidi kuongea haraka.

"Kwa hiyo ulikidanganya chama?" kaka aliuliza kwa upole. "Au unatudanganya sisi?"

"Mimi nilimwona akipanda," alisema mzee mmoja, jirani yetu wa shamba. "Lakini mimi nina mdomo tu, sina fomu."

Wachache wakacheka tena. Baba mdogo hakucheka.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukimwambia kaka yangu kwamba maneno ya mdomo hayafai," aliniambia. "Nilikuwa nimekaa hapa hapa."

Nilikuwa nimesema hivyo, na zaidi ya mara moja. Niliukata mstari niliouandika, nikaandika mwingine: mikorosho yote ni mali ya marehemu. Wote wakatia sahihi.

Walipoondoka nikaingia ndani. Mama alikuwa amekaa mahali pale pale nyuma ya pazia.

"Tutaweka pingamizi, mama. Mahakama itabandika tangazo, mwenye neno aende. Nitakuandikia mimi."

"Utaniandikia wewe," alisema. "Nikapingane na nani?"

"Na kaka."

"Kaka yako hakuandika kitu."

Hakwenda. Nilikwenda peke yangu, na karani akaniambia mwenye mali aje mwenyewe, kisha akaniuliza kama muhtasari ule niliuandika mimi.

Mgawo ulifuata sheria ya dini. Mama alipata thumni, sehemu moja ya nane, na iliyobaki tukagawana sisi watoto, kaka zangu mafungu mawili mawili na mimi moja. Kaka mkubwa, aliyeteuliwa msimamizi, alimpa mama mikorosho michache ya baba, ile mizee iliyo karibu na nyumba. Mimi akanipa ya chini ya kichuguu, safu ya kwanza. "Ili mama mdogo asijisikie vibaya," alisema, na nadhani aliamini hivyo. Safu zilizobaki hadi bondeni walichukua wao, wakamkodishia mtu wa mjini.

Kitambulisho cha mama kilipotoka niliandaa hati nyingine. Niliipeleka jikoni.

"Imeandikwaje?" aliuliza.

"Kwamba fungu langu nakupa wewe."

"Unanipa."

"Nakurudishia, mama."

"Umeandika nakurudishia?"

Niliangalia. Nilikuwa nimeandika zawadi, kwa sababu ndivyo hati hizo zinavyoandikwa.

"Siwezi kuzawadiwa mkorosho niliomwagilia mimi," alisema. Akanirudishia karatasi, akachochea moto. "Ni yako hiyo. Ipalilie, majani yameota."

Kazi sijapata, kwa hiyo msimu huu niko kijijini naokota korosho. Wiki iliyopita nilikuwa nimeinama chini ya mkorosho wa kwanza nikinyofoa korosho kwenye mabibo, nikasikia mtu amesimama. Alikuwa mama, na ndoo yake, anakwenda kisimani. Njia inapita pale pale. Alikuwa amesimama upande wa juu wa kichuguu.

"Hodi," alisema.

Nilidhani ananitania. Nilimwangalia usoni, hakuwa na utani. Akahamisha ndoo mkono mwingine, akangoja, na hakuvuka mpaka nilipomjibu karibu.