Jumapili Niliyoihesabu

Dada yangu mdogo alikuja kwangu Nyamira Jumapili moja mchana akiwa na karatasi ya mistari sita, ameikunja ndani ya Biblia. Ilitoka kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, ambako amesimama kwenye kaunta miaka mitatu. Miaka yote hiyo amelipwa kwa saa: shilingi mia moja na ishirini, na saa ambayo hayupo hailipwi. Sasa mwenye duka alitaka kumwandika kwa mwezi, shilingi elfu ishirini na mbili. Alitakiwa kutia saini kufikia Ijumaa.

“Kaka, nisaini ama nisisaini?”

Kulikuwa na jambo zito kuliko mshahara. Alikuwa na uvimbe shingoni, daktari alikuwa amekwisha kumpa tarehe ya upasuaji, na baada ya hapo alitakiwa apumzike wiki sita. Akiandikwa kwa mwezi angekuwa na siku za ugonjwa zenye malipo, na likizo ya mwaka juu yake. Zikiunganishwa zingefunika sehemu kubwa ya hizo wiki sita. Akibaki kwenye saa, angelala bila senti.

Nilimwambia aniachie karatasi. Mimi ni karani wa mizani kwenye kituo cha kununua majani chai. Shule niliacha kidato cha pili, na mengi ninayoyajua nimeyapata kwa kusoma kila kitu mara mbili, kalamu mkononi. Nilikuwa na nakala ya kanuni za mishahara, nikaanza nayo mwanzo.

Jedwali la kima cha chini lina safu tatu: miji mikubwa, miji iliyokuwa manispaa, na maeneo mengine. Mimi ningesoma safu ya tatu. Yeye, kwa kuwa duka liko Kisii mjini, husoma ya pili. Kazi moja, barabara moja, na nauli tu katikati yetu, lakini sakafu za mshahara ni mbili. Kisha nikatafuta jina la kazi yake. Halimo. Kuna mfagiaji, kuna karani, kuna dereva. Hakuna mtu anayeuza misumari asubuhi, akapokea mabati mchana, akafagia jioni. Nikachukua mstari uliokaribia, nikaona elfu ishirini na mbili imeuvuka. Hapo ningeweza kuacha.

Sikuacha, kwa sababu nilitaka kujua kama kwa mwezi atapata zaidi au pungufu ya anachopata kwa saa. Watu wengi hukosea hapa kwa kuzidisha wiki kwa nne. Mwezi si wiki nne. Unazidisha saa za wiki kwa hamsini na mbili, unagawanya kwa kumi na mbili. Nilifurahi kwamba mimi sikukosea hapo.

Nikaandika wiki yake. Saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, toa saa ya chakula, ni saa tisa. Ijumaa anatoka saa tisa mchana ili ajiandae kwa Sabato, kwa hiyo ni saa sita. Jumamosi hafanyi kazi, kama mimi, kama nyumba yote tulimozaliwa. Siku tano za saa tisa, na Ijumaa: saa hamsini na moja. Kwa mwezi, saa mia mbili ishirini na moja. Kanuni zenyewe, kutafuta thamani ya saa, hugawanya mshahara wa mwezi kwa mia mbili ishirini na tano. Yangu ilikuwa imekaribia kiasi kwamba sikuona haja ya kurudia. Mia mbili ishirini na moja mara mia na ishirini ni elfu ishirini na sita, mia tano na ishirini. Mwenye duka alikuwa anampunja zaidi ya elfu nne na nusu kila mwezi.

Niliandika barua, nikatumia neno hilo hilo, kupunja. Dada yangu aliipeleka Alhamisi. Ijumaa asubuhi tukaitwa sote wawili.

Mwenye duka ni mtu wa makamo kama mimi. Babu yake ndiye aliyefungua duka hilo. Alinisalimia kwa Kigusii, “Bwakire buya,” akaiweka barua kwenye kaunta na kuilainisha kwa kiganja.

“Mzee, umeandika vizuri. Hesabu imenyooka. Ila nisaidie kitu kimoja. Hii siku ya kwanza hapa, Jumapili. Jumapili nafungua duka na nani?”

Nilitazama karatasi. Nilikuwa nimeandika siku sita, kuanzia Jumapili hadi Ijumaa, bila kufikiri, kwa sababu hiyo ndiyo wiki yangu. Kalenda ya kanisa huanzia hapo, na mizani yangu hufanya kazi Jumapili asubuhi, hulala Jumamosi. Duka lile hufungwa Jumapili.

“Mzee analipisha mpaka Jumapili!” alisema mpakiaji wa saruji mlangoni. “Bosi, na mimi niandikie hiyo!”

Wateja wawili walicheka. Dada yangu hakucheka. Nilifanya hesabu upya palepale, kichwani: saa arobaini na mbili kwa wiki, mia moja themanini na mbili kwa mwezi, elfu ishirini na moja, mia nane na arobaini. Alikuwa anaongezwa shilingi mia moja na sitini.

“Miaka mitatu,” mwenye duka alisema, na hakuwa na hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi, “namwachilia Ijumaa saa tisa. Jumamosi, siku yenye wateja wengi, najaza mtu mwingine. Sijawahi kusema neno. Leo naambiwa nampunja. Basi tuache kwanza. Aendelee na saa zake. Tutaongea mwaka ukiisha.”

Niliomba radhi. Nikajaribu pia kusema kwamba karatasi yake haikuonyesha kama posho ya nyumba imo ndani ya ile elfu ishirini na mbili, na hapo nilikuwa sahihi kabisa. Hakuna aliyesikiliza. Mteja alikuwa anauliza bei ya rangi.

Nje, dada yangu aliniambia, “Kaka, Jumapili hiyo nilikuwa nimekaa kwako. Nilikuwa nakunywa chai yako.”

Wiki iliyofuata nilisoma upya sheria ya ajira, safari hii bila kalamu. Kuna kifungu nilichokiruka kwa sababu hakikuwa na hesabu: kibarua akifanya kazi mfululizo mwezi mzima, huhesabiwa kama aliyeajiriwa kwa mwezi. Dada yangu alikuwa na haki ya siku zake za ugonjwa tangu mwaka wa kwanza. Karatasi ile haikuwa inampa kitu ambacho hakuwa nacho.

Nilikinakili kifungu kwa mwandiko safi, bila tarakimu yoyote ya kwangu, nikampelekea dada yangu anakoishi, mtaa wa Nyanchwa.

“Umehakikisha?” aliuliza.

“Nimehakikisha.”

“Hata barua ya kwanza ulihakikisha.” Aliikunja karatasi, akanirudishia. “Kazi hii bado naitaka, kaka. Sitapeleka karatasi nyingine.”

Alifanyiwa upasuaji tarehe ileile. Daktari alirudia wiki sita. Siku ya kumi na tatu alikuwa kwenye kaunta, skafu shingoni, akiwaonyesha wateja misumari kwa kidole kwa sababu sauti haijarudi. Nilipita Jumatano, nikasimama ng'ambo ya barabara. Saa tisa za kazi leo, tisa kesho, Ijumaa sita. Kile kifungu bado kiko mfukoni mwangu.