Nilijivunia uzito wa mama miezi mitano, kumbe ulikuwa maji

Wakuu, salamu kutoka Masinga.

Wengi mnanijua kwa kubishana kule upande wa kilimo, mambo ya ndengu na madalali. Leo sina ubishi na mtu. Nimekuja kusimulia vile nilikaribia kumuua mama yangu mzazi nikiamini namtunza, na sitaongeza chumvi. Chumvi yenyewe nilikuwa nimeipiga marufuku kwetu.

Naandika kwa sababu najua humu kuna watu wenye mgonjwa wa figo nyumbani sasa hivi. Soma hadi mwisho, hata kama una haraka.

Mama ana miaka sitini na tatu. Ni mkulima hapa karibu na Kithyoko, anaimba kwaya, na alikuwa mtu wa mwili. Kilo themanini na kitu. Akikaa kwenye benchi ya kanisa, wenzake wawili wanasogea bila kuambiwa. Tulimtania na yeye alicheka kutushinda.

Kisha ikaja pressure, na nyuma ya pressure zikaja figo.

Kliniki ya kwanza walituambia figo zimechoka ila bado zinajikokota. Wakatupa karatasi ya chakula: nyama kidogo sana, mayai na maharagwe apunguze, chumvi aache. Nikaipigilia msumari kwenye ukuta wa jikoni. Na pale palipoandikwa "punguza", mimi nikasoma "hapana".

Mimi ni mtu mgumu, sikatai. Mke wangu husema ningezaliwa mapema ningekuwa chifu wa mkoloni.

Mwezi wa kwanza nikamfumania mama nyuma ya ghala na mfupa wa mbuzi. Alicheka, nami nikacheka. Lakini tangu siku hiyo, mambo ya chakula sikumwamini tena.

Akina mama wa kwaya wakaja kumwona, na kikapu cha mayai na kuku mmoja. Nikawapokea vizuri, wakanywa chai, wakaomba. Wakati wa kuondoka nikawarudishia kikapu na kuku wao.

Wakuu wa Ukambani mnajua maana ya kumrudishia mtu kuku aliyemletea mgonjwa. Ni tusi, nao wakaondoka nalo. Mama alikaa ndani na hakutoka kuwasindikiza.

Baadaye figo zikakataa kabisa. Akaanza dialysis, kuoshwa damu kwa mashine, mara mbili kwa wiki, huko Machakos town. Kazi yangu ilikuwa kumpeleka na pickup, kumwacha kwa mashine saa nne nzima, kukimbia sokoni kuonana na wateja, kisha kurudi kumchukua.

Nutritionist alikuwa anapita kitanda kwa kitanda wakati huo huo. Mimi siko.

Siku moja tukirudi nyumbani mama akaniambia, "Yule msichana wa chakula amesema sasa nikule mayai. Hata nyama. Anasema hiyo mashine inaosha mpaka chakula ya mwili."

Nikacheka. Nikamwuliza hiyo mashine imeanza kuchoma mbuzi lini.

Wiki iliyofuata akarudia. Nikamwambia Mwaitu, tafadhali, mimi si mtoto. Kwetu Mwaitu ndiyo mama, na nililitamka kwa heshima zote huku nikimfanya mwongo.

Mara ya tatu haikuwepo. Alinyamaza akala alichowekewa: uji, kabeji, wali mweupe.

Sasa shikeni hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi tunaangukia. Mama alikuwa anasema ukweli mtupu. Kabla ya dialysis, mgonjwa anaweza kuambiwa apunguze protein ili figo zipumzike. Akishaanza dialysis, mara nyingi mambo yanageuka, anahitaji protein zaidi kwa sababu mashine inachukua nyingine. Karatasi yangu ukutani ilikuwa ya safari nyingine. Ningeuliza, ingenichukua dakika tano.

Sikuuliza. Nilikuwa na mizani.

Wanaojua dialysis wanajua mgonjwa hupimwa kabla na baada, ili waone maji yaliyotoka. Mama alikuwa ameshashuka hadi kilo sitini, na kila akimaliza kuoshwa ilikuwa sitini. Mwezi wa kwanza sitini. Wa tatu sitini. Wa tano, bado sitini.

Nilikuwa natangaza hadi kanisani kwamba mama ame-stabilize. Uso wake ulikuwa umejaa. Soksi zilianza kumwachia alama miguuni, nikasema mwili unarudi. Akaanza kuhema akipanda ngazi za kwaya, nikasema ni umri.

Jumamosi moja asubuhi akaamka akitetemeka, joto limepanda. Kufikia saa sita hakuweza kumaliza sentensi. Mimi na dada yangu Mwikali tulimbeba, tukampeleka hospitali. Ilikuwa infection, imeingilia ule mrija wa shingoni anaounganishiwa mashine. Akaingizwa ICU, akawekewa mashine ya kupumua.

Daktari wa zamu alikuwa mama mmoja mfupi, mpole, anayeongea taratibu. Akaniuliza mama amekonda hivi tangu lini.

Nikamjibu, na wakuu nilijibu kwa kiburi, kwamba mama hajakonda, ni kilo sitini miezi mitano.

Hakubishana. Aliniita karibu na kitanda, akabonyeza mguu wa mama kwa kidole gumba, akatoa. Shimo likabaki pale pale. Kisha akapandisha mkono wa gauni hadi begani. Sikuwa nimeuona mkono ule kwa miezi, maana mama alikuwa akivaa sweta hata jua likiwaka. Ulikuwa mfupa na ngozi inayoning'inia.

Akasema, "Huku chini ni maji. Hapa juu ndio mama yako."

Sasa mimi kazi yangu ni kununua ndengu. Mtu akiloweka gunia ili lipande uzito, nazamisha mkono hadi kiwiko, natafuna punje tatu, namwambia arudi nazo kwake. Hapa Kithyoko hakuna aliyewahi kuniuzia maji. Lakini kwa mama yangu nilisoma mizani tu. Nyama ilikuwa inaondoka, maji yanaingia mahali pake, na namba haisogei. Sikuwahi kumshika mkono.

Nikamwuliza daktari kama atapona. Hakunipa ahadi.

"Watu wa figo wakiletwa hapa hali mbaya, mara nyingi wale wako na mwili wanavumilia kuliko wale wamekauka. Mwili ukipigana unajikula. Sisemi unene ni dawa, hata sisi madaktari tunabishana juu ya hiyo. Lakini mama ameingia kwa vita na ghala tupu."

Nilitoka pale. Kwenye korido nikamwambia Mwikali kila kitu, kwamba mama aliniambia mara mbili nikakataa. Nilitegemea anichape kofi, na ningelipokea.

Akasema, "Tutalia baadaye. Enda uulize anakula nini."

Nikarudi nikauliza. Na tangu siku ile sijaacha kuuliza.

Kila saa ya kuona wagonjwa nilikuwa mlangoni wa kwanza. Maji mililita ngapi yametoka leo? Ule mrija wa puani umepitisha chakula kiasi gani? Kimekaa tumboni au kimerudi? Mrija wa shingoni umebadilishwa? Nesi mmoja akanibatiza Bwana Mililita. Sikujali. Nilimpigia mke wangu simu, nikamwambia ang'oe ile karatasi ukutani.

Maji walikuwa wanayatoa polepole, kwa sababu pressure ya mama ilikuwa inaanguka. Sitini ikawa hamsini na saba. Ikawa hamsini na nne. Ikasimama hamsini na moja. Hiyo ndiyo ilikuwa mama mzima, wakuu, yule wa kilo themanini. Nilisimama pale nikiomba Mungu hizo hamsini na moja zitoshe.

Zilitosha, kwa taabu. Siku ya sita akaanza kupumua mwenyewe. Siku ya tisa akahamishiwa wodi.

Siku hiyo nilikaa na nutritionist mwanzo hadi mwisho, simu nimezima. Kisha nikamlisha mama yai la kuchemsha, kipande kwa kipande. Alikula akiniangalia mimi.

Nikamwuliza, Mwaitu, mbona uliacha kuniambia?

"Nilikuwa nakuogopa," akasema. Hakuwa na hasira. "Wewe ukikataa kitu, hii nyumba yote inanyamaza. Nikaona wacha nikule chenye naletewa."

Nililia mbele ya wodi nzima, mwanaume wa miaka arobaini na moja. Mama wa kitanda cha jirani akanipa leso.

Sasa hivi yuko nyumbani, na baada ya dialysis ana kilo hamsini na tano, za nyama yake mwenyewe. Bado ni mgonjwa, bado tunaenda Machakos mara mbili kwa wiki, ila siku hizi nakaa hadi mwisho. Sitaki mtu anakili chakula cha mama yangu, kila mgonjwa ana chake. Uliza wa kwako, na uulize tena kila matibabu yakibadilika. Namba ya mizani ikisimama usishangilie, uliza imesimamia nini. Na mgonjwa akikuambia alichoambiwa na daktari, mwamini kwanza, halafu ndiyo ukahakikishe.

Kabla ya kutuma uzi huu nimemsomea mama. Tulipofika pale pa kuogopa nikamwuliza kama nipaondoe. Akasema niache, watu wasome.

Haya, uwanja ni wenu. Kunitukana ruhusa. Lakini wewe unayemuuguza mtu, kabla hujaandika, nenda kamuulize kuna nini anaogopa kukuambia. Kisha rudi utuambie amejibu nini.