Mlango Uliomkataa Tusekile

Udongo wa matofali ya nyumba ile Tusekile aliukanyaga kwa miguu yake, akiwa na mimba ya Ruti. Shule hakuiona. Baba yake kule Ileje alisema mtoto wa kike ni wa kuolewa kwa watu, akamsomesha Yesaya, mdogo wake. Basi Tusekile akaja Tunduma kuuza maharage mpakani, na maharage hayo ndiyo yaliyonunua bati. Jonasi, mumewe, wakati ule alikuwa akibeba mizigo ya watu begani. Leo ni wakala wa forodha, ana gari, na akisimulia habari ya nyumba husema "nilijenga".

Mwaka jana alimleta fundi Ezron na maboksi. Taa za kuwashwa kwa simu, kamera, pampu ya maji, kitasa cha kidole. Kuta zilikuwa nene, waifai ikawa inaishia sebuleni, kwa hiyo Ezron akatundika visanduku vyeupe kila chumba, kimoja kikimpokeza mwenzake mtandao mpaka barazani.

"Na jikoni kwangu?" aliuliza Tusekile. Jiko lake lilikuwa kibanda cha mafiga, nje.

"Kule kuna moshi, mama. Kifaa kitakufa."

Jonasi akacheka. "Mwache na mafiga yake. Ugali hauhitaji mtandao."

Vyote vikaunganishwa kwenye simu ya Jonasi. Tusekile alibandikishwa dole gumba kitasani, basi. Jonasi akizima taa akiwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mkewe hukaa gizani mpaka mwenye simu akumbuke. Akilalamika, anaambiwa hakusoma, hawezi kuelewa. Alielewa sana.

Kisha Yesaya akafa. Tusekile alikwenda Ileje, akazika, akakaa matanga. Aliporudi, kina mama wa kanisa walimsindikiza kutoka stendi, kwa kuwa mtaani kwao mfiwa haingii nyumbani peke yake. Wenzake huingia naye, hufagia, humpikia uji, ndipo huaga.

Alibandika kidole. Kitasa kikawaka chekundu. Akakifuta kidole kwa kitenge, akidhani ni masizi ya vyungu vya msibani. Chekundu tena.

"Mama Ruti." Sauti ya Jonasi ilitoka kwenye kamera, juu ya mlango.

"Kidole hakishiki, Baba Ruti."

"Nimekitoa. Kuna mtu anahamia humo. Vitu vyako viko kwenye mifuko, jikoni kwako. Nenda kwa Ruti, Vwawa."

Ketrina, kiongozi wa kina mama, akatua mzigo wa kuni.

"Shemeji, hodi huko ukutani. Dada yetu ametoka kuzika, nawe unampokea kwa habari za mifuko?"

"Mama Ketrina, haya ni mambo ya nyumbani kwangu."

"Sawa. Sisi tunasubiri mfiwa anywe uji ndani. Mama yako alipofiwa tulimpikia hapa hapa, na wewe ukaomba kikombe cha pili."

"Nitaita polisi."

"Waite."

"Waambie waje na sukari," alidakia Anastazia kutoka nyuma.

Wakawasha moto uani, moshi ukaifuata kamera. Kisha Ketrina akaanzisha wimbo wa msiba, wenzake wakaitikia. Mtaa mzima unajua maana ya wimbo ule mbele ya mlango uliofungwa. Majirani wakaanza kuja na khanga mabegani, bodaboda wakazima injini, na mtu mmoja akauliza kwa huzuni Jonasi amefia wapi. Wengine wakapiga simu yake kutoa pole. Wateja wakapiga. Mchungaji naye akapiga.

"Nyamazeni," kamera ikasema. "Watu wanauliza maiti yangu iko wapi."

"Tuwaambie iko ukutani?" akauliza Ketrina.

Kitasa kikalia, mlango ukaachia.

"Ingieni. Mnywe, mtoke wote."

Tusekile hakuingia kwanza. Alikwenda jikoni, akanyanyua jiwe la kusagia, akalibeba kifuani kama mtoto, akaliweka kizingitini. Mlango ukaligonga, ukarudi. Kina mama wakanywa uji wao na kuaga. Mwenyewe akavuta kigoda karibu na jiwe, akaipa kamera mgongo.

"Mama Ruti, toa hilo jiwe."

Akavuta ungo wa mboga, akaanza kuchambua. Alikuwa amejibu miaka mingi.

Tangu siku hiyo halali mbali na kizingiti. Kesi ya nyumba iko kwenye baraza la ardhi, inaahirishwa tu, na Jonasi amepanga nyumba mjini pamoja na yule mwanamke aliyetaka kumhamishia hapo. Ukitaka kumwona Tusekile, utamkuta mlangoni, akichambua mboga.

Arobaini ya Yesaya ilipofika, kina mama walikodi gari kwenda Ileje. Aliwapa unga na jogoo. Ketrina akasema atakaa yeye kwenye jiwe, Tusekile aende akamlilie mdogo wake. Tusekile akatikisa kichwa. Siku ile aliyotoka kwenda kumzika ndiyo aliyofutiwa kidole.

Gari likaondoka. Mdogo wake, aliyesomeshwa kwa zamu ya dada yake, akahitimishiwa matanga na watu wengine.