Uzi Kati ya Njegere

Doreen Pascoe alikuwa mchawi, wala hakumficha mtu. Ungeingia dukani kwake pale Porthenna, duka la mashine za kufulia nyuma ya bandari, ukamwuliza kama ni kweli, angekujibu huku akikunja shuka za watu: "Kweli. Na soksi zako zinanuka." Msidhani ni mchawi wa kuruka na ungo. Huko Cornwall kwa Waingereza wapo watu wanaojiita hivyo wenyewe mchana kweupe, na kodi wanalipa, na paka wanafuga. Mungu wao ni Mama, mwezi ni uso wake, na sharia yao ni moja: usimdhuru mtu, maana baya unalolituma hukurudia mara tatu. Doreen aliishika sharia hiyo kwa meno. Hata panya wa stoo aliwatoa nje kwa ndoo, akawaaga.

Hakuzaliwa hivyo. Baba yake alihubiri kwa Wamethodisti kila Jumapili, sauti ikitikisa vioo, na mkono ule ulioinua Biblia ulikuwa umeshatua shavuni kwa mkewe Jumamosi. Akimaliza kumpiga alipiga magoti akaomba, na Mungu, kama kawaida yake, akawa upande wa mzee. Doreen mdogo alimtazama akifuta midomo kwa leso baada ya kusema amina, akaona kinyaa. Hicho kinyaa ndicho kilichomtoa kanisani. Dada yake mkubwa, Beryl, alibaki.

"Wewe ulimkimbia Baba, mdogo wangu, hukumkimbia Mungu," Beryl alimwambia karibu kila Jumapili walipokula pamoja nyama ya kuoka.

"Na wewe ulibaki na Baba, hukubaki na Mungu. Hebu nipe viazi."

Kilinge cha Porthenna, chama chao cha wachawi, kilikuwa cha Hilda Treloar na mumewe Clive, mwalimu mstaafu, ndevu nyeupe hadi kifuani, pete za fedha kila kidole. Aliyejiunga alipimwa. Hilda alichukua uzi mwekundu wa sufu, akaukata sawa na urefu wako kutoka utosini hadi kisiginoni, akafunga fundo penye kichwa na fundo penye moyo, akakuchoma kidole ili tone la damu liingie. Kisha akauviringisha, akautia ndani ya kopo la biskuti. Sasa huo ni wewe. Mwenye uzi wako anao mwili wako, na ukivunja kiapo anajua la kufanya. Wote walipimwa, hata Clive mwenyewe. Saratani ilipokuwa inammaliza Hilda, alimpa Doreen lile kopo, akamwambia, "Kaa nalo wewe. Si mume wangu." Doreen alidhani ni maneno ya mgonjwa. Hilda akafa, Clive akabaki kuhani.

Asubuhi moja ya mvua aliingia dukani Tamsin Rowe, binti anayeuza mikate kule juu, mgeni katika kilinge. Hakuwa na hata nguo moja ya kufua.

"Bi Doreen, nataka uzi wangu."

"Salamu kwanza, mwanangu. Una nini?"

"Nimetoka. Nimemwambia Clive nimetoka, akasema mtu hatoki, labda miguu yake. Uzi unabaki. Tangu siku hiyo chakula hakipiti. Jana nimeanguka ngazini. Mama naye ameanza kukohoa. Nifungueni, jamani, nimewakosea nini?"

"Ngazi za kwenu zimeoza tangu mimi msichana," Doreen alisema, akitaka kumchekesha. Binti hakucheka. Macho yalikuwa yamemwingia ndani. "Haya, kaa. Kwa nini umetoka?"

Tamsin aliikodolea macho mashine iliyokuwa inazungusha mashuka ya hoteli. "Aliniita nyumbani peke yangu. Ati nimefika daraja la pili la kilinge. Akafunga mapazia. Akanishika hapa, akasema, 'Si mimi ninayekuomba, Tamsin. Ni Mama anayejiomba mwenyewe ndani yako.' Nikamsukuma akaangukia meza."

Doreen aliyajua maneno hayo. Si kwamba aliyajua yanayofanana nayo, la, hayo hayo, neno kwa neno, pamoja na ule mkwaruzo wa mapazia. Aliambiwa na Clive mwaka aliojiunga, katika chumba kile kile, Hilda akiwa sokoni. Yeye hakusukuma. Yeye alirudi nyumbani akilia kwa furaha, akiamini ameguswa na mbingu, na miaka yote hiyo, kila Mama alipomshukia mwezi ukiwa mpevu, aliikumbuka alasiri ile kama mlango ambao Mama alipitia. Sasa aliuona ule mlango kwa mwanga wa taa za dukani. Ulikuwa na ndevu, na ulinuka vitunguu vya siki.

Alikimbilia chooni akatapika chai yote. Aliporudi alikuwa ameosha uso, lakini mikono aliendelea kuifuta kwenye aproni kama mtu aliyeshika mdudu.

"Uzi wako utaupata," alimwambia Tamsin. "Nenda kazini. Ukipewa mkate, kula."

Kabla ya chakula cha mchana simu ikalia. Clive huyo, sauti ya asali.

"Dada Doreen, Jumamosi njoo na uzi wa yule binti. Tumfunge ulimi kabla hajatuchafua mjini."

"Tumfunge? Na sharia yetu tutaiweka wapi, Clive?"

"Hatumdhuru mtu, tunajilinda tu. Kuna tofauti."

Pyuu! Hata yule mzee wa mimbari hakujua kusuka namna hiyo. Doreen alikata simu, akasema peke yake neno ambalo siwezi kuliandika. Kisha akajiuliza jambo moja, akaligeuza na kuligeuza: huyu mtu ni tapeli tu anayewatisha watu kwa sufu, au anaamini? Alitamani awe tapeli. Tapeli unamcheka, unamfukuza, yamekwisha. Jioni alilifungua kopo, akaanza kuzinyoosha nyuzi moja moja kando ya mlango.

Jumamosi alasiri wakakutana sebuleni kwa Clive, wanakilinge sita wazima, makalio yao yamezama katika masofa ya Hilda. Udi ulifukizwa hadi macho yakawasha, na chini ya udi kulikuwa na harufu ya supu ya jana. Clive alivaa joho jeusi lenye doa la yai kifuani. Doreen hakuweza kuliondolea macho lile doa.

"Kabla sijakupa," alisema, "niambie kweli. Unaamini litampata? Au ni kumtisha?"

Clive akatabasamu kama anamfundisha mtoto hesabu. "Ishara tu, dada. Ni mambo ya nafsi. Nani ataumizwa na uzi?"

"Haya," Doreen akasema, akalitoa kopo mkobani, akamkabidhi kidonge cha sufu nyekundu.

Clive alikitia ndani ya kikombe cha plastiki, akakimiminia maji, akainua mikono. "Ulimi wake ugande. Jina langu limgandie kooni. Asile, asilale, asipate raha, mpaka arudi hapa kwa magoti." Wengine wakaitikia na iwe hivyo, Norman wa posta akiitikia kwa kuchelewa huku anatazama zulia. Doreen hakufungua kinywa. Wakamfuata kuhani wao jikoni, msafara mzima, na kuhani akafungua friza, akasogeza mfuko wa njegere na pakiti ya samaki waliopakwa unga, akakiweka kikombe katikati, akafunga mlango kwa goti. Kisha akatoa leso, akafuta midomo.

Doreen aliijua leso ile tangu utotoni.

"Clive," akasema, "hukuupima."

"Kupima nini?"

"Uzi. Hilda hakuwahi kuugusa uzi wa mtu bila kuunyoosha kwanza. Tamsin ananifika mimi begani. Wewe umefunga uzi mrefu kuliko nyuzi zote zilizomo kopoani."

Clive alicheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Alifungua friza, akakipata kikombe, akauviringua ule uzi ukidondosha maji. Akaushikilia utosini. Ulishuka ukagusa kisigino chake, sawasawa, na fundo la moyo likatua juu ya lile doa la yai.

Jamani, hamjaona mtu mzima akivuliwa nguo huku amevaa joho! Aligeuka rangi ya maziwa. Akaanguka magotini, mfuko wa njegere ukamfuata ukapasuka, njegere zikatapakaa sakafu nzima, na yeye katikati yake akiupulizia uzi, akiusugua, akiutia kwapani aupashe moto.

"Umefanya nini, mwanamke wewe! Tengua! Tengua, Doreen, niko chini ya miguu yako! Koo langu, Mama yangu, koo langu!"

"Si ulisema ishara tu?"

"Tengua, nitakufa!"

Hapo ndipo Doreen alipopata jibu lake, na halikuwa lile alilolitamani. Tapeli angecheka. Tapeli angesema, eh, umenipata, dada, akafunga friza. Huyu alikuwa analia kweli, kamasi zikishuka ndevuni. Kumbe aliamini. Aliamini kwamba yale maneno yanaua, na kwa imani hiyo hiyo, na mkono mtulivu, alikuwa amemwombea binti wa watu asile wala asilale.

"Mimi sina la kutengua," alimwambia. "Uliomba wewe, kwa kinywa chako."

Norman wa posta alikohoa. "Doreen, samahani. Wangu unao humo?" Akampa kopo. Wakajipima pale pale jikoni mmoja baada ya mwingine, wakipokezana ncha ya uzi, wakikanyaga njegere, hakuna aliyemtazama Clive. Kila aliyepata wake alichukua koti lake akaondoka bila kuaga.

Jumatatu Tamsin alikuja dukani. Doreen alimsimamisha kando ya mashine, akaunyoosha uzi wake utosini hadi kisiginoni ili auone kwa macho yake, akamwekea mkononi. Binti aliutumbukiza kwenye pipa la nyuzinyuzi zinazotoka kwenye mashine za kukaushia, akashusha pumzi, akauliza kama kuna chochote cha kula. Alikula mkate wote wa Doreen, na jibini.

Jumapili iliyofuata Doreen alimsimulia Beryl kila kitu, hata ya alasiri ile ya zamani, akingoja kuambiwa si nilikwambia. Beryl alikata nyama vipande vidogo, kisha vidogo zaidi.

"Baba naye aliamini," alisema. "Kila neno, Doreen. Wewe ulidhani anaigiza?"

Doreen alirudi nyumbani kukiwa bado na jua, akaanika shuka uani. Kopoani ulikuwa umebaki uzi wake peke yake. Aliutoa, akaubana kambani kwa kibanio kati ya foronya mbili, akasimama mbele yake mikono kiunoni, jinsi alivyokuwa akisimama kumwita Mama. Maneno ya mwito aliyajua kwa moyo. Yalipofika kinywani yalikuwa na ladha ya vitunguu vya siki, akayatema nyasini.

"Sikuiti," alisema kwa sauti, jirani asikie asisikie. "Nakuuliza tu. Kama ni wewe uliyekuwa unaniomba kwa kinywa cha yule mtu, usije tena hapa kwangu. Na kama si wewe, mimi nilikuwa chumbani mle. Wewe ulikuwa wapi?"

Akangoja. Shuka zilipokauka alizianua, akauacha uzi palepale kambani.